Kwaya Ikiimba Usiku: Picha Nzuri kwa Kamera Ndogo

Safari hii tunaziweka kando kidogo habari za lishe na chanjo, tuzungumzie jambo ambalo wengi mmekuwa mkituuliza baada ya ibada na katika vikundi vyetu. Kwa nini picha tunazopiga kwenye matamasha ya kwaya usiku hazitoki vizuri? Mtoto ameimba ubeti wake peke yake, bibi yake amesafiri kutoka kijijini kuja kumsikia, lakini tukifika nyumbani na kuangalia picha tunakuta vivuli, nyuso nyeupe kama zimepakwa unga, au mistari ya taa tu.

Wengi husema, "Kamera yetu ni ndogo mno." Ni kweli kwamba kamera ndogo ina mipaka yake, nasi tutaieleza. Lakini picha nyingi huharibika kwa sababu tunaiachia kamera iamue mambo ambayo haiyajui. Haijui kwamba mwimbaji yuko mita 15 mbele yako. Haijui kwamba joho ni jeupe na uso ni mweusi. Haijui kwamba baada ya pambio hili watoto watapiga hatua mbili kushoto. Wewe unayajua hayo yote, na ukiielekeza kidogo tu itakusaidia.

JICHO NA KAMERA

Sisi wauguzi tumezoea kumulika macho ya wagonjwa kwa tochi ndogo. Mwanga ukiingia, mboni hujibana. Gizani hufunguka. Penye mwanga mkali upana wa mboni huwa milimita 2 hivi, na gizani mboni ya kijana huweza kufika milimita 7 au 8. Zaidi ya hapo, sehemu ya nyuma ya jicho huendelea kuzoea giza kwa muda wa karibu nusu saa. Ndiyo maana ukiingia ukumbini umechelewa huvioni viti, lakini baadaye unaona hata kitambaa cha kichwani cha mama aliyekaa safu ya mbele.

Kamera nayo ina njia tatu za kujipatia mwanga. Ya kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hufunguka na kujibana kama mboni. Hupimwa kwa namba kama f/2 au f/5.6, na hapa msichanganyikiwe: namba ndogo ni tundu kubwa. Ya pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia. Ukiona 1/100, maana yake ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Ya tatu ni ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Wale waliowahi kununua filamu dukani watakumbuka tulivyokuwa tukichagua ya 100, ya 200 au ya 400. Kila unapoongeza ISO mara mbili, mwanga wa picha nao huongezeka mara mbili, lakini chembechembe huzidi. Ni kama redio ambayo kituo hakishiki vizuri. Ukifungua sauti, wimbo unasikika zaidi na mikwaruzo inazidi pia.

Shida ya kamera ndogo iko katika kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu. Katika nyingi kina upana wa milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu hivi, kidogo kuliko ukucha. Kamera kubwa za mafundi huwa na kipande cha milimita 36 kwa 24. Mmoja anakinga mvua kwa kikombe, mwingine kwa beseni. Zipo pia kamera za mfukoni zilizoongezewa ukubwa, kama Sony RX100 iliyotoka mwaka 2012. Kipande chake ni milimita 13.2 kwa 8.8, na eneo lake ni karibu mara nne ya zile za kawaida. Hata hivyo, hatumshauri mama yeyote aguse ada ya shule kwa ajili ya kamera. Anza na ile iliyolala kabatini. Ifute lenzi kwa kitambaa laini, chaji betri, na hakikisha kadi ina nafasi.

ZIMA FLASHI

Hili ndilo neno letu la kwanza na kubwa: ukikaa mbali na jukwaa, zima flashi. Flashi ya kamera ndogo hufika mita 3 hadi 5 hivi. Mwanga wake hupungua haraka sana, kwa maana umbali ukiwa mara mbili mwanga hubaki robo. Kama mtu aliye mita 2 anapata mwanga wa kutosha, aliye mita 10 anapata sehemu moja tu ya 25. Kwa hiyo flashi inaangaza visogo vya watu walio mbele yako, nayo kamera ikidhani kazi imekwisha inaliacha jukwaa gizani. Na hata kama ungekuwa karibu, ule mwanga mkali unafuta rangi zote ambazo mafundi wa taa wamehangaika kuzipanga.

Pia tuwafikirie wanaoimba. Macho yao yako kwa mwalimu wa kwaya. Flashi ikiwaka, mwimbaji hubaki na doa mbele ya macho kwa muda. Mtu mzima atavumilia, lakini mtoto wa miaka sita anaweza kusahau maneno yote.

Flashi ina mahali pake. Mpiga picha Malick Sidibé wa Mali, aliyefariki mwaka 2016, alipata sifa kwa picha za vijana wakicheza muziki usiku mjini Bamako katika miaka ya 1960. Alitembea na kamera nyepesi na flashi, akaingia kati ya wachezaji. Picha yake maarufu ya mwaka 1963, Nuit de Noël, yaani Usiku wa Krismasi, inamwonyesha kijana na msichana wakicheza, vichwa vimekaribiana, msichana hana viatu. Mwaka 2007 maonyesho ya sanaa ya Venice yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Ukizitazama picha zake utaona kwamba watu wako hatua mbili tatu tu kutoka kwenye kamera. Nasi tunaweza kutumia flashi hivyo hivyo baada ya tamasha, nje ya ukumbi, watoto wakiwa bado na majoho yao.

Na kwa kuwa tumetaja flashi na macho, tuseme jambo moja la kiuguzi. Macho kuonekana mekundu katika picha ya flashi ni kawaida, kwani mwanga unarudi kutoka nyuma ya jicho penye mishipa mingi ya damu. Lakini ukiona jicho moja la mtoto linatoka jeupe au la manjano katika picha zaidi ya moja, usinyamaze. Wakati mwingine ni pembe tu ya kamera. Wakati mwingine ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema hutibika. Chukua picha hizo, nenda na mtoto kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo.

NAMBA ZA KUANZIA

Kabla ya tamasha, tafuta kwenye kamera yako gurudumu lenye herufi. Ukiona S au Tv, hapo ndipo unapochagua kasi ya shata mwenyewe. Anza na 1/100, na uiache kamera ijichagulie ISO. Kama inakuruhusu kuweka kikomo cha ISO, weka 1600 kwa kamera ya kawaida, au 3200 kwa zile zenye kipande kikubwa. Kama kamera haina herufi hizo, chagua alama ya mtu anayekimbia, iliyowekwa kwa ajili ya michezo. Itajitahidi kutumia kasi kubwa.

Kwa nini 1/100? Ikiwa 1/30, mtu akigeuza kichwa tu uso unafutika. Ikiwa 1/250, wanaocheza wanatulia vizuri, lakini mwanga unakuwa haba. Tena kumbi zetu nyingi zina taa za tyubu. Umeme wetu wa Afrika Mashariki huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila sisi kutambua. Kasi ikizidi, kamera huweza kunasa pale taa ilipofifia. Ndiyo maana picha moja hutoka ya njano na inayofuata nyeupe, au mstari wa giza unapita ukutani. Kasi ya 1/100 au 1/50 huipa taa nafasi ya kuwaka na kufifia kikamilifu, na picha zinafanana.

Zima pia ile taa ndogo nyekundu au ya kijani inayowaka mbele ya kamera inapotafuta kulenga. Zima mlio wa kitufe. Punguza mwangaza wa kioo cha nyuma, maana aliyekaa nyuma yako naye amekuja kutazama kwaya.

SOGEA, USIVUTE

Kitufe cha kuvuta picha karibu kina gharama ambayo wengi hatuijui. Lenzi ya kamera ndogo ikiwa haijavutwa huweza kuwa na tundu la f/2. Ukiivuta hadi mwisho, tundu hubana hadi f/5.6 au zaidi, na mwanga unaoingia hupungua karibu mara nane. Na mtikisiko mdogo wa mkono unaonekana mkubwa. Kwa hiyo fika mapema, ukae safu ya mbele pembeni, karibu na njia. Ukiwa pembeni humzibi mtu, na unaona nyuso za waimbaji bila vipaza sauti kufunika midomo yao.

Wanaotumia simu nao wafuate neno hili. Simu nyingi hazivuti kwa lenzi, hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Na ile njia ya usiku iliyo kwenye simu huunganisha picha nyingi zilizopigwa mfululizo. Inafaa kwa jengo au mnara wa kanisa, lakini mtu anayecheza hugeuka kivuli.

MIKONO NA PUMZI

Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mbavu. Egemea nguzo, ukuta, au mgongo wa kiti kilicho mbele kama hakina mtu. Vuta pumzi, itoe taratibu, na bonyeza kitufe wakati pumzi inaishia. Kwanza kibonyeze nusu, usubiri kamera ilenge, kisha umalizie. Kama inahangaika kulenga uso ulio gizani, lenga ukosi mweupe ulio umbali ule ule, ushikilie kitufe nusu, ndipo uelekeze usoni.

Piga tatu kwa mfululizo. Ya kwanza mara nyingi hutikiswa na kidole, na ya pili au ya tatu hutoka imetulia.

Kisha jifunzeni kungoja. Kwaya zetu haziimbi zikiwa zimesimama kama miti. Zinayumba, zinapiga hatua, zinainua mikono. Mtazameni mtoto kwenye bembea. Akifika juu kabisa, kabla ya kurudi, husimama kidogo angani. Mwimbaji anayeyumba naye hutulia vivyo hivyo akifika mwisho wa upande mmoja. Hapo ndipo pa kubonyeza. Pengine ni mwisho wa ubeti, sauti ndefu inaposhikiliwa na mwalimu amenyanyua mkono. Ukishausikiliza wimbo mara moja kwenye mazoezi, utajua mahali hapo mapema. Wewe uliyemsikia mwanao akiuimba wimbo huo jikoni mwezi mzima unaujua kuliko mpiga picha yeyote wa kukodiwa.

NYUSO ZETU

Kamera hupima mwanga wa picha nzima na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Mtoto mmoja akiwa kwenye taa na nyuma yake pazia jeusi, kamera huona giza kubwa, ikaongeza mwanga, na uso unaungua ukawa mweupe. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ukipeleke hadi -1. Kinyume chake, kwaya nzima ikivaa majoho meupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na nyuso zinakuwa nyeusi bila macho wala tabasamu. Hapo peleka hadi +1. Kipimo chako kiwe uso. Joho likipoteza mikunjo yake si hasara kubwa kama uso ukipotea.

Hili lina historia yake. Kwa miaka mingi filamu za rangi na mashine za kusafishia picha zilirekebishwa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli. Kamera za siku hizi ni bora zaidi, lakini bado hukisia. Usikubali iseme uso wa mwanao ni giza wakati wewe unauona.

KWA NINI TUNAHANGAIKA

Labda mtauliza, je, yote haya ni kwa ajili ya picha tu? Tuwaambie tuliyoyaona. Sisi tunaofanya kazi wodini huwaona ndugu katika ile siku ya kwanza ya msiba, wakitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba ya maziko. Mara nyingi picha ya mama haipatikani. Picha za baba zipo, za watoto zipo nyingi, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akishika kamera au akipika wakati wengine wanapigwa picha. Inapatikana ile ya kitambulisho tu, aliyopiga akiwa amekunja uso.

Mwaka mmoja binti alikuja kutuuliza kama kuna yeyote katika kwaya mwenye picha ya marehemu mama yake. Ilipatikana moja, iliyopigwa kwa kamera ndogo kutoka pembeni, usiku wa tamasha. Mama ameshika kayamba. Kayamba na viganja havionekani vizuri kwa kuwa vilikuwa vinakwenda, lakini uso umetulia, macho yamefumbwa nusu, mdomo uko katikati ya neno. Chembechembe zimejaa. Binti aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hivi ndivyo alivyokuwa anaimba." Ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza.

Kwa hiyo, unapopiga mwimbaji wa mbele, usisahau safu ya nyuma. Zungusha macho. Mpige mama wa sauti ya pili ambaye hajawahi kuimba peke yake. Mpige anayegawa maji na anayekunja majoho. Na wewe mwenyewe mpe mwenzio kamera kwa nyimbo mbili, ili nawe uonekane.

HESHIMA KWA WENGINE

Omba ruhusa kwa mwalimu wa kwaya kabla tamasha halijaanza. Usisimame kwenye njia wakati wa wimbo. Wakati wa maombi iweke kamera mapajani. Usiinue simu au kamera juu ya kichwa ukawaziba walio nyuma. Picha ya mtoto wa mwenzio usiitume kwenye kundi la simu wala kuiweka hadharani kabla hujamuuliza mzazi wake. Na kama mtu ametoka vibaya, amefumba macho au nguo imemkaa vibaya, ifute, hata kama picha yenyewe ni kali.

Jiwekee kiasi. Chagua nyimbo tatu za kupiga picha, na nyingine zote uzisikilize kwa masikio yako. Mtoto akiwa jukwaani humtafuta mama yake ukumbini, na akikuta kamera tu mahali pa uso wako atakosa kitu.

Ukifika nyumbani chagua kumi zilizo nzuri, nyingine uzifute. Peleka tano studio zikasafishwe. Kwa picha ya sentimita 10 kwa 15, megapikseli 2 zinatosha, kwa hiyo hata kamera ya zamani inafaa, na chembechembe nyingi hazionekani katika ukubwa huo. Andika majina na tarehe kwenye albamu mapema, maana baada ya miaka ishirini hakuna atakayekumbuka. Weka nakala nyingine mahali pa pili, kwa sababu simu huibiwa na kadi huharibika.

Kabla ya tamasha lijalo fanya zoezi hili. Jioni, baada ya chakula, acha taa moja tu sebuleni, zima flashi, weka 1/100, na mwambie mtoto acheze. Egemea mlango. Piga picha thelathini, umtazame anavyosimama kidogo kila mwisho wa hatua. Zile mbili au tatu zitakazotoka zimetulia zitakufundisha zaidi ya maneno yetu yote. Tukutane mwezi ujao.